Karatasi za mzee aliye nyumbani: mwongozo wa matibabu, ruzuku, mikorosho na wosia kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Mama mkubwa wangu anaishi juu ya Uwanda wa Makonde, upande wa Tandahimba, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga kwa fedha za korosho zake mwenyewe. Hataki kuhamia mjini. Tumembembeleza, tumemkasirikia, tumemletea gari mpaka mlangoni. Jibu lake ni lile lile, kwamba huko Mtwara mjini akianguka chooni hakuna wa kumjua jina.

Karatasi zake alikuwa akiziweka kwenye kopo la biskuti lililopauka, chini ya kitanda. Siku aliponiruhusu kulifungua nilikuta stakabadhi za misimu mingi za chama cha msingi, yaani ushirika tunakouzia korosho, kadi ya mpiga kura, kadi ya kliniki ya presha, picha ya marehemu mumewe, na kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa kwa penseli: "Mikorosho ya bondeni ni ya mjomba." Hakikuwa na tarehe wala sahihi, na mjomba mwenyewe hakutajwa jina. Huko bondeni kuna mikorosho 41.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu mwenye kopo kama hilo kwao. Nimezifuata hatua hizi kwa mama mkubwa, na baadaye kwa wazee wengine wa ukoo walioniita baada ya kusikia. Mpangilio wake una sababu, kwa hiyo usiuruke.

Hatua ya 1: Ingia kwa mlango wa matibabu

Huku kwetu ukimwambia mzee "tuandike wosia" anasikia "tumeshakuchimbia". Mimi nilifanya kosa hilo mara ya kwanza. Mama mkubwa alinitazama, akamwita mjukuu: "Mletee mgeni maji anywe, anataka kuondoka." Nikaondoka.

Safari iliyofuata nilibadili maneno. "Shikamoo mama. Nimekuja tufuatilie kadi yako ya matibabu." Akaitikia marahaba, akavuta mkeka. Kadi ya matibabu ina kila kitu unachokitafuta: jina kamili, umri, anakoishi, nani anamtunza. Ukimaliza hiyo, mengine yanafuata bila ugomvi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na msimamo wa serikali ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure katika vituo vya umma. Ili haki hiyo isomeke dirishani anahitaji kitambulisho cha matibabu chenye picha yake. Safari inaanzia kwa mtendaji wa kijiji, au wa mtaa kwa walio mjini, ambako wazee wasiojiweza hutambuliwa na kuorodheshwa. Orodha hupanda kata, kisha halmashauri, na mtu wa kumuulizia huko ni Afisa Ustawi wa Jamii. Usizunguke ofisi kumi. Uliza mlango wa Ustawi wa Jamii.

Nenda na picha ndogo mbili na kitu chochote kinachoonyesha umri: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo kwa waliobatizwa misheni, au barua ya mtendaji kama hakuna kingine. Mzee asiyeweza kutembea asibebwe kwenye bodaboda ili tu akaonekane. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji aje amwone nyumbani, kisha atoe maelezo kwa mtendaji.

Kadi hiyo inaondoa malipo. Dawa ni habari nyingine. Zahanati ikiishiwa vidonge vya presha, dirisha la wazee nalo linaishiwa. Kwa hiyo sisi tunaweka akiba ndogo ya dawa za miezi miwili, tunainunua fedha za korosho zikitoka. Pia mzoeze mzee kupita ngazi zake: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na barua ya rufaa ndipo aende hospitali ya mkoa ya Ligula, au Sokoine kwa watu wa Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ukimpeleka moja kwa moja bila barua unajitafutia maswali. Kwa hospitali za kanisa kama Ndanda na Nyangao, uliza kabla ya kupanda gari kama kadi inapokelewa kwa huduma unayoifuata.

Kama mzee alikuwa mtumishi wa umma na mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, angalia kwanza upande huo. Mstaafu huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake kwa masharti ya mfuko, na wenza wengi hawajui kabisa kwamba majina yao yamo.

Hatua ya 2: Jina moja

Hapa ndipo nataka ukae sana. Kesi nyingi nilizoona zikiliza watu hazikuanza na wizi. Zilianza na jina.

Mzee wa Kusini anaweza kuwa na majina manne bila kumdanganya mtu yeyote. Kuna jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, jina la madrasa au la ubatizo, na jina aliloandikwa na karani wa chama aliyekuwa na haraka siku ya kupima. Mama mkubwa, kwenye kadi ya mpiga kura, anamalizia na jina la baba yake. Kwenye chama cha msingi anamalizia na la mume. Benki wamekosea herufi moja, R ikawa L, kosa ambalo kwa ulimi wetu hata halisikiki.

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika kila hati au kadi aliyo nayo, kulia andika jina lilivyoandikwa humo, herufi kwa herufi. Ukimaliza chagua nguzo, na nguzo yenyewe iwe NIDA, kwa sababu laini ya simu na akaunti ya benki vyote vinaegemea huko. NIDA ikiwa na kosa, irekebishwe kwanza. Kisha benki, chama cha msingi na TASAF (ruzuku ya kaya maskini) vifuate NIDA. Ukianza na benki kabla ya NIDA utarudia kazi.

Yatabaki majina ya hati za zamani ambazo hazirekebishiki. Hayo yanatibiwa kwa kiapo cha majina mbele ya hakimu au wakili, kinachosema kwamba majina haya yote, yakitajwa moja moja, ni ya mtu mmoja. Toa nakala tatu. Karatasi hiyo moja itakuokoa siku ambayo mwenye jina hayupo tena kujieleza.

Halafu kuna vidole. Mama mkubwa amebangua korosho kwa miaka mingi, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Ncha za vidole vyake zimelainika kama kijiko. Mashine ya alama za vidole ilikataa gumba, ikakataa cha shahada, kijana wa laini za simu akaanza kukunja meza yake. Nikamwomba ajaribu vyote kumi. Cha pete cha mkono wa kushoto kikakubali. Tangu siku hiyo nimeandika ndani ya jalada la faili lake, kwa kalamu nyekundu: "KIDOLE CHA PETE, KUSHOTO." Fanya hivyo hivyo. Mpeleke asubuhi, anawe mikono kwa maji ya uvuguvugu, na usikubali akaambiwa "bibi huna vidole".

Hatua ya 3: Ruzuku, pensheni na kodi ya jengo

Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Zanzibar wanayo tangu 2016, kwa waliofika miaka 70, na ndugu wa huko wakipiga simu kusimulia, wazee wetu hudhani nasi tumeificha. Hatujaificha. Kwa mzee wa huku ambaye hakuwahi kuajiriwa, mlango uliopo ni TASAF, yaani mpango wa kunusuru kaya maskini.

TASAF inahesabu kaya. Haimhesabu mzee peke yake, na jambo hilo lina uzito wake. Kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Mzee anayeishi peke yake au na wajukuu ni kaya. Mzee uliyemchukua kwako ukamweka chumba cha uani ni mmoja wa kaya yako, na wewe una pikipiki na bati jipya. Ndiyo maana kabla ya kumhamisha mzee ambaye tayari ni mlengwa, zungumza na mtendaji pamoja na kamati ya jamii ya TASAF kijijini. Nimeona bibi akipelekwa mjini "kupumzika" miezi minane, kurudi akakuta jina limeondolewa, na hakuna aliyekosea kitu.

Kwa asiyemo, majina hupatikana kwenye mkutano wa kijiji wakati wa zoezi la utambuzi, na zoezi hilo halifanyiki kila mwaka. Hudhuria, au mtume mtu mwenye sauti. Kaya ya mzee mpole husahaulika kwa sababu hakuna aliyenyoosha mkono kuitaja. Na kama malipo yanakuja kwa simu, hakikisha laini ni ya mzee mwenyewe. Nitarudi kwenye simu baadaye.

Mstaafu wa serikali au wa mashirika ya umma sasa yuko PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Wa sekta binafsi yuko NSSF. Mambo mawili tu: uhakiki wa wastaafu usipite, kwa sababu asiyehakikiwa pensheni husimama, na orodha ya wategemezi iwe ya leo. Mwalimu mstaafu mmoja wa Masasi alikuwa bado ameandika mke aliyeachana naye zamani. Hakuwa na nia mbaya, alisahau tu.

Kodi ya jengo: mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato ana msamaha kwa nyumba moja anayoishi. Ila kodi hiyo hukatwa mnaponunua umeme wa LUKU, na LUKU haijui umri wa mtu, inakata. Lazima aombe, kwa hiyo ulizia ofisi ya TRA au halmashauri ukiwa na kitambulisho chake na namba ya mita. Na ile asilimia 10 ya mikopo ya halmashauri ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao, labda bibi aingie kikundi cha wanawake au awe na ulemavu.

Hatua ya 4: Tembea shambani naye, au kwa niaba yake

Mali ya mzee wa Kusini iko juu ya mti. Nyumba inaonekana, akaunti ina namba, lakini mikorosho iko vipande vinne, kimoja huku, kingine nyuma ya shule, kingine kijiji cha pili.

Fanya kazi hii mwezi wa Juni au Julai. Mashamba yameshapaliliwa, watu wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, majirani wote wako kwenye mipaka yao na kila mmoja anaweza kusema "mpaka wangu ni ule mkorosho uliopinda". Ukija Novemba kila mtu ameinama anaokota, hana muda na wewe.

Kwa kila kipande andika mahali kilipo, majirani wa pande nne, idadi ya mikorosho, nani aliipanda, nani anaokota kwa sasa, na kama kuna deni juu yake. Jibu la "nani aliipanda" ndilo litakalokusaidia kugawa mali katika mafungu, na mafungu hayo usiyachanganye.

La kwanza ni alichochuma mwenyewe: alichofyeka, alichonunua. Hicho ana mamlaka nacho. La pili ni kilichochumwa pamoja na mwenza, na hapo mwenza ana haki yake kabla hatujafika kwenye mirathi. Kwa nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. La tatu ni mali ya ukoo. Hiyo anaitunza tu, hawezi kumwachia mtu kwa wosia kana kwamba ni yake. Nusu ya ugomvi wa mikorosho ninaoujua ni wa mtu aliyerithisha mali ya ukoo, au wa ukoo uliodai alichochuma mtu mwenyewe.

La nne ni rehani. Wapo wazee walioweka mikorosho rehani kwa fedha ya hospitali, na mkopeshaji anaokota msimu wa tatu sasa bila karatasi yoyote. Wapo waliouza korosho kwa kangomba, yaani walanguzi, zikiwa bado maua. Muulize mzee taratibu, mkiwa wawili, kwa sababu hili lina aibu ndani yake. Kisha mtafute mkopeshaji, mwandikiane mbele ya mwenyekiti: kiasi, tarehe, mti hadi mti, na lini rehani inakwisha.

Mkishahesabu, nendeni Halmashauri ya Kijiji mkaulize hati ya haki miliki ya kimila. Hii hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na inaweza kubeba jina zaidi ya moja, mume na mke kwa mfano. Kijiji kisipokuwa tayari kwa hati, usikae bure: andikeni maelezo ya mipaka, majirani wa pande nne watie sahihi, mwenyekiti na mtendaji wagonge muhuri. Sheria hiyo hiyo inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi haina nguvu. Ikumbuke sentensi hiyo siku ya kikao.

Mtego mmoja wa siku hizi. Kwenye usajili wa wakulima kwa ajili ya pembejeo, kijana humwandikisha mzee kwa jina lake yeye kijana, "ili kurahisisha salfa". Misimu miwili baadaye mfumo unamjua yeye, chama cha msingi kinamjua yeye, na malipo baada ya mnada yanaingia benki kwake. Msajilini mzee kama mwenye shamba, kijana awe mpokeaji tu wa mifuko. Na stakabadhi za kupimia zitunzwe kwenye faili, kwa sababu kati ya siku ya kupima na siku ya malipo zinapita wiki, na katika wiki hizo mtu anaweza kufariki.

Hatua ya 5: Wosia, na sheria ipi

Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili tunahesabu ukoo upande wa mama. Mjomba, au njomba kama tunavyoita, ndiye mwenye sauti, na mpwa ndiye aliyerithi. Juu ya mila hiyo uliingia Uislamu, na kwa wengine misheni, kisha serikali. Kwa hiyo mkorosho mmoja unaweza kuvutwa na mpwa kwa mila, na watoto kwa dini, na mjane kwa sheria ya ndoa, na kila mmoja akawa anasema kweli upande wake.

Tena jambo ambalo hata baadhi ya watu wa ofisi hulisahau: Amri ya Sheria za Mila ya 1963, ile ambayo wengi huinukuu kwenye mirathi, iliandikwa kwa makabila ya ukoo wa baba. Mtu akikwambia "sheria ya mila inasema", muulize mila ya nani.

Mahakama ikiletewa mirathi huangalia marehemu aliishi vipi na alitaka nini. Je, alifunga ndoa kwa sheikh, akafunga Ramadhani, akalea watoto kwa dini? Je, aliishi kimila tu? Ndiyo maana wosia uanze na sentensi isiyo na shaka: "Mimi ni Mwislamu, nataka mali yangu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu," au vinginevyo kadiri alivyoishi. Sentensi hiyo inaokoa miezi.

Kwa Mwislamu, wosia una mpaka. Hauzidi theluthi moja ya mali baada ya gharama za mazishi na madeni, na hauendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Yaliyobaki yanagawanywa kwa mafungu yanayojulikana: mke anapata thumni, yaani 1/8, kama marehemu ameacha mtoto, na robo kama hakuacha, wake wakiwa wengi wanagawana fungu hilo hilo. Mume anapata robo kama mkewe ameacha mtoto, nusu kama hakuacha. Mtoto wa kike anapata nusu ya wa kiume. Kwa hiyo mpwa aliyemtunza mjomba wake miaka yote, akiwa si mrithi kwa hesabu hiyo, anaweza kuachiwa ndani ya theluthi. Huo ndio mlango ambao wazee wetu wengi hawaujui, na unaweza kumtuliza mtu wa mila bila kuvunja dini. Muone sheikh anayejua hesabu za mirathi, na mwende na orodha ya mali.

Kwa asiye Mwislamu wala wa mila, aliyeishi Kikristo kwa mfano, sheria inayotumika ni ya mirathi ya India ya 1865. Usishangae, ipo hadi leo. Hiyo inataka mashahidi wawili, na shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu.

Upande wa mashahidi mimi hupendelea kuzidisha. Weka wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki, wote wanajua kusoma, na hakuna hata mmoja anayepata kitu ndani ya wosia. Mwenza awepo na asaini. Iandikwe kwa wino, si penseli, na itaje tarehe, kwamba mzee ana akili timamu na hakulazimishwa, na jina la msimamizi anayemtaka. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya wote, kwa Kimakonde au Kimwera ikibidi, kisha aweke dole gumba la kulia. Akibadili mawazo aandike mwingine na aseme kwamba ule wa kwanza umefutwa. Asitegemee maneno ya barazani.

Nakala moja ibaki kwake, moja kwa mtu baki anayeaminika. RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na udhamini, nao huandika na kuhifadhi wosia. Kama fedha ya wakili haipo, ulizia wasaidizi wa kisheria wilayani kwako; wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na Kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023 imepeleka huduma hiyo mpaka vijijini.

Hatua ya 6: Yule anayemwogesha

Kila ukoo una mmoja. Mara nyingi ni binti aliyeachika akarudi nyumbani, au mjukuu aliyekatiza masomo. Wengine tunatuma fedha na kupiga simu Ijumaa. Yeye anaamka usiku kumgeuza mzee. Siku ya mgawo huonekana kama mtu aliyekuwa anakula bure.

Andikeni mapema. Kikao cha wanandugu, karatasi moja: nani anakaa na mzee, nani anatuma nini kila mwezi, mikorosho ipi ni ya matunzo, na anayetunza anapata nini kwa kazi yake. Kama mzee anataka kumpa kitu, na binti huyo ni mrithi asiyeweza kuachiwa kwa wosia wa Kiislamu, njia ni hiba, yaani kumpa angali hai. Lakini hiba hutimia kwa kukabidhi. Kusema "hii ni yako nikifa" ni wosia uliovaa kanzu ya hiba. Akabidhi shamba mbele ya mashahidi, binti aanze kuokota kwa jina lake msimu huo huo, na kijiji kiandikishe.

Ushauri wangu, na hapa tunabishana na kaka yangu kila mara: mzee asitoe nyumba anayolalia. Atoe kipande cha mikorosho. Nimeona mzee aliyetoa nyumba akawa mgeni kwenye mkeka wake mwenyewe.

Hatua ya 7: Simu na benki

Namba ya siri isijulikane na mjukuu anayependa kutumwa dukani. Achague mtu mzima mmoja wa kumsaidia kutoa fedha, na kila akitoa, kiasi kiandikwe kwenye daftari la shule lililo wazi kwa wote. Mzee asiyeweza kufika benki anaweza kumpa mtu mamlaka ya maandishi kupitia wakili, ila mamlaka hayo hufa siku mzee akifa. Jina la "ndugu wa karibu" lililoandikwa kwenye fomu ya benki nalo si la mrithi. Huyo wanampigia simu, lakini fedha hawampi.

Hatua ya 8: Siku ikifika

Andikisha kifo ndani ya siku 30. Cheti cha kifo ndicho funguo ya mengine yote, na watu huzikumbuka siku hizo baada ya arobaini, zikiwa zimepita. Kifo cha nyumbani kinaanzia kwa mtendaji. Cha hospitalini kinaanza na karatasi utakayopewa pale pale, usiifungie maandazi.

Kisha kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na kusainiwa, mmoja apendekezwe kuwa msimamizi. Mirathi ya Kiislamu na ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Na. 1, ukiwa na cheti cha kifo, muhtasari na wosia kama upo. Ile ya sheria ya 1865 inakwenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kurudisha Fomu Na. 5 yenye mali na madeni yote, kisha hesabu za mgawo kwenye Fomu Na. 6. Hapa ndipo ile orodha yako ya Juni itamfanya amalize kwa jioni moja kazi ambayo wengine huwashinda mwaka mzima. Msimamizi hajarithi; amepewa kazi ya kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Akianza kupaka rangi nyumba, mrudisheni mahakamani.

Faili la mama mkubwa sasa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, ndani ya mfuko wa plastiki mgumu ili mchwa wasilifikie. Kwenye kopo la biskuti amerudisha sindano na nyuzi. Mjomba wa bondeni alikuwa mdogo wake mama yake. Aliipanda ile mikorosho, akavuka Ruvuma, hakurudi, na mama mkubwa amekuwa akiipalilia na kuiokota maisha yake yote bila kuihesabu kuwa yake. Nilimweleza kwamba baada ya muda wote huo labda angeweza kuidai. Akasema niandike alivyoniambia mwanzo. Kwa hiyo ukurasa wa tatu wa karatasi zake una mstari ule ule wa kwenye daftari, safari hii kwa wino, una jina la mjomba na la mama yake mjomba, idadi ya miti, tarehe, sahihi nne, na dole gumba lake la kulia, ambalo mashine ililikataa lakini wino umelichapa vizuri tu.